Mvua inayoleta njaa: kulungu wa kaskazini na watu wanaoishi naye

Huku kwetu mvua ikichelewa watu huomba dua, na ikinyesha mfugaji hushukuru, maana anajua baada ya siku chache kutakuwa na majani. Sasa hebu mfikirie mfugaji anayesikia matone yakigonga paa usiku wa Januari, na usingizi unamwisha hapohapo. Nyumba yake haivuji. Hana shamba la kusombwa. Anachojua ni kwamba wanyama wake, mia kadhaa walioko nje gizani, wanaweza kufa njaa kabla ya Aprili kwa sababu ya mvua hiyo moja.

Mfugaji huyo ni Msami, na wanyama wake ni kulungu wa kaskazini. Wasami ni wenyeji wa asili wa sehemu ya juu kabisa ya Ulaya. Nchi yao, wanayoiita Sápmi, imekatwa na mipaka ya mataifa manne: Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. (Ramani za zamani ziliwaita "Walapi". Wengi wao hawalipendi jina hilo, basi tuliache.) Katika makala haya tutaona kwa nini mnyama aliyeumbwa kwa ajili ya baridi anauawa na joto kidogo, na kwa nini malisho yake yalizua kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Norwei.

Kwanza, ni mnyama gani huyu?

Jina lake la kisayansi ni Rangifer tarandus. Anaishi Skandinavia, Siberia, Greenland, Alaska na Kanada. Ndiye yule wa kadi za Krismasi, anayevuta gari la Baba Krismasi angani. Amerika ya Kaskazini anaitwa caribou, na ukilisikia jina hilo likitamkwa utadhani unakaribishwa chai. Kumbe ni neno la Wami'kmaq, wenyeji wa mashariki ya Kanada, lililopitia kwa Wafaransa, na maana yake ni mnyama anayeparua theluji kwa kwato. Likumbuke hilo la kuparua, tutalirudia.

Kiswahili hakijawahi kumhitaji mnyama huyu, kwa hiyo tumemwazima jina kulungu wa msituni kwetu. Ni sawa, lakini ujue kwamba hao wawili si ndugu wa karibu. Kulungu wetu yuko katika familia moja na swala, mbuzi na ng'ombe: pembe zake ni mfupa uliovikwa ala ngumu, kama kucha, na akishaziota anabaki nazo mpaka kufa. Yule wa kaskazini ana pembe za mfupa mtupu zenye matawi, ambazo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Ndiyo, kila mwaka. Dume mkubwa anatengeneza kilo kadhaa za mfupa kichwani kwa miezi michache, kisha anazitupa.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Katika familia yake nzima, huyu ndiye pekee ambaye majike nao huota pembe kama kawaida. Na majike huzitunza kwa muda mrefu kuliko madume. Dume aliyekomaa huangusha zake baada ya msimu wa kupandana, mwanzoni mwa majira ya baridi. Jike mwenye mimba hubaki nazo mpaka karibu na kuzaa, mwezi wa Mei hivi. Kwa nini? Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya chakula: wakati wa baridi kila mnyama anachimba shimo kwenye theluji ili ale, na mwenye pembe ndiye anayelilinda shimo lake. Katikati ya baridi, mama mwenye mimba ana silaha na lile dume lililokuwa linatamba Oktoba halina. Kwa hesabu hiyo, wale wa kwenye kadi, wenye pembe ndefu tarehe 24 Desemba, wana uwezekano mkubwa wa kuwa majike, madume wachanga au maksai. Na kwa kweli maksai ndio waliokuwa wakivuta magari ya theluji ya Wasami kwa karne nyingi, kwa hiyo mchoraji wa kadi hakukosea sana.

Baridi yenyewe si tatizo

Ukimweka kulungu wa kaskazini kwenye nyuzi joto 30 chini ya sifuri, hatetemeki. Mwili wake haulazimiki hata kuchoma chakula cha ziada ili upate joto. Unyoya wake una tabaka mbili: la ndani ni laini na limesongamana, la nje lina nywele ndefu zilizojaa vijishimo vya hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Nywele hizohizo humsaidia kuelea, na kulungu hawa huogelea kuvuka mito na hata mikono ya bahari.

Pua ni mtambo mwingine. Ndani yake kuna mifupa myembamba iliyojikunja kama karatasi iliyoviringishwa, imefunikwa na ngozi yenye damu nyingi. Hewa baridi ikiingia inapashwa joto humo kabla ya kufika mapafuni. Ikitoka, inaliacha joto na maji palepale. Wewe ukipumua kwenye baridi kali unatoa wingu la mvuke, yaani unatupa joto na maji hewani. Yeye anatupa kidogo sana. Miguuni nako kuna hila kama hiyo: mishipa inayoshuka na damu ya moto imekaa bega kwa bega na inayopanda na damu ya baridi, kwa hiyo joto linahamia kwenye damu inayorudi moyoni badala ya kupotelea kwenye theluji.

Kwato hubadilika na majira. Kiangazi, udongo ukiwa tope, nyayo zake ni laini na pana kama sponji. Baridi ikija zinasinyaa na kukauka, na ukingo mgumu wa kwato unajitokeza, tayari kukata barafu na kuchimba.

Lakini mimi nikiulizwa kiungo gani nikipende zaidi, nitasema jicho. Unajua jinsi macho ya paka yanavyong'aa ukimmulika kwa tochi? Inatokana na tabaka lililo nyuma ya jicho linaloakisi mwanga ili utumike mara ya pili. Mwaka 2013 timu ya Glen Jeffery wa Chuo Kikuu cha London na wenzake wa Tromsø, Norwei, ilionyesha kwamba tabaka hilo la kulungu wa kaskazini hubadilika rangi: kiangazi ni la dhahabu, majira ya baridi ni la buluu nzito. Lile la buluu hutawanya mwanga zaidi ndani ya jicho, picha inapoteza ukali kidogo lakini mnyama anaona kwenye giza ambalo sisi tungepapasa. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti walikuwa wameonyesha kwamba anaona pia miale ya urujuanimno, ambayo jicho lako haliioni kabisa. Theluji huakisi miale hiyo kwa wingi, ilhali mkojo na chakula chake huinyonya. Kwa hiyo pale ambapo wewe ungeona weupe mtupu, yeye anaona madoa meusi: hapa amepita mnyama, pale kuna cha kula.

Na kuhusu saa ya mwili, ile inayokuamsha asubuhi hata simu ikiwa imezimwa, kwa huyu karibu imenyamazishwa. Kaskazini ya mbali jua halichomozi kwa wiki nyingi, kisha kiangazi halitui. Kuishi kwa ratiba ya mchana na usiku kusingekuwa na maana.

Chakula kisicho na mizizi

Basi anakula nini kwenye theluji? Anakula likeni. Likeni si mmea. Ni ushirika wa viumbe wawili: kuvu anayejenga nyumba na kushika maji, na mwani mdogo sana anayeishi ndani ya nyumba hiyo na kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, umeyaona yale mandevu ya kijani-kijivu yanayoning'inia kwenye miti. Hayo ni likeni. Pwani yetu ina historia nayo pia: karne ya 19 aina moja, waliyoiita marere, ilikusanywa mwambao na kusafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau ya nguo.

Aina anazozipenda kulungu wa kaskazini huota ardhini kama zulia la rangi ya maziwa. Zina wanga mwingi na protini kidogo mno, yaani ni chakula cha kumwezesha mnyama afike Mei, si cha kumnenepesha. Na zinakua polepole kupita kiasi, milimita chache kwa mwaka. Zulia likiliwa lote au likichanwachanwa na matrekta, linahitaji miongo kadhaa kurudi. Mfugaji wa Kisami analijua hilo kama mkulima anavyojua shamba linalohitaji kupumzishwa. Hawezi kulisha mahali pamoja kila mwaka. Lazima ahame.

Kutokuwa na mizizi kuna hatari ambayo ulimwengu uliiona mwaka 1986. Likeni hupata maji na madini kutoka hewani na kwenye mvua, na inanyonya kila kinachokuja. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka tarehe 26 Aprili, wingu lilipeperushwa hadi Skandinavia, na mvua ikalishusha juu ya malisho ya Wasami wa katikati ya Uswidi na Norwei. Likeni ikalinyonya, kulungu wakaila likeni, na nyama ikajaa sesiamu-137, ambayo huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu. Uswidi iliweka kikomo cha bekereli 300 kwa kilo. Nyama nyingi mno ikatupwa. Ndipo serikali zikalegeza masharti kwa nyama hii: Uswidi ikapandisha hadi 1,500, Norwei hadi 6,000. Hoja ilikuwa kwamba raia wa kawaida anakula nyama ya kulungu mara chache kwa mwaka. Sawa. Ila yule anayeila karibu kila siku ni nani? Ni Msami mwenyewe. Kwa miaka mingi baadaye familia za wafugaji zilikuwa zikipimwa mionzi mwilini, na wanyama kulishwa chakula safi kwa wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa.

Mlango unapofungwa

Sasa turudi kwenye mvua.

Theluji laini ni hewa kwa sehemu kubwa. Kulungu hunusa likeni kupitia humo, akaparua kwa kwato za mbele, akafika chini hata kama kina ni nusu mita au zaidi. Theluji kwake ni blanketi juu ya ghala la chakula, na blanketi hufunuliwa.

Mvua ikinyesha juu ya theluji, maji yanapenya mpaka chini. Huko yanakuta ardhi iliyoganda, nayo yanaganda. Siku mbili baadaye baridi inarudi, na kati ya mnyama na chakula chake kuna bamba la barafu lililoshikamana na likeni kama saruji. Bamba la sentimita chache linatosha. Harufu haipiti vizuri, kwato zinateleza, midomo inachubuka. Chakula kipo, kingi tu, tena kinaonekana chini ya kioo. Hakiliki.

Wasami wana neno moja kwa hali hii nzima: guohtun. Ukilitafsiri "malisho" umepoteza nusu yake, kwa sababu guohtun si likeni peke yake. Ni likeni pamoja na hali ya theluji iliyo juu yake, yaani kama inafikika au haifikiki. Eneo linaweza kuwa na likeni ya kutosha na guohtun ikawa mbaya kabisa. Theluji ya punjepunje iliyo karibu na ardhi, rahisi kuchimba, ni seaŋáš. Bamba la barafu linalofunga malisho ni čuohki. Mwanaisimu Ole Henrik Magga, Msami ambaye mwaka 1989 alikuwa rais wa kwanza wa Bunge la Wasami nchini Norwei, amehesabu mashina ya maneno kati ya 175 na 180 katika Kisami cha Kaskazini yanayohusu theluji, barafu, kuganda na kuyeyuka. Watu hupenda kuitaja hesabu kama hiyo kama kichekesho cha lugha. Mimi naiona kama kitabu cha maabara. Kila neno linajibu swali la kazi: je, mnyama atachimba? Je, itabeba uzito wake? Je, nyayo za jana zitaonekana?

Neno čuohki si la jana. Miaka ya barafu mbaya imekuwepo siku zote na wazee wanaikumbuka kwa majina. Kilichobadilika ni mara ngapi inakuja. Tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Hilo halimaanishi kwamba Januari imekuwa ya joto. Inamaanisha kwamba siku ambazo zamani zingekuwa nyuzi 8 chini ya sifuri sasa zinaweza kufika nyuzi 2 juu yake, na kati ya namba hizo mbili theluji inageuka kuwa mvua. Tofauti ya nyuzi 10 kwenye baridi kali, tuseme kutoka −35 hadi −25, kulungu hata haihisi. Tofauti hiyohiyo ikivuka sifuri inaua.

Ushahidi mkubwa kabisa ulitoka rasi ya Yamal, kaskazini ya Urusi, kwa Wanenetsi. Hawa nao ni wafugaji wa kulungu, na familia nyingi bado zinahama mwaka mzima na mahema ya ngozi. Novemba 2006 mvua ilinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, wakafa wanyama kama 20,000. Novemba 2013 ikarudi, kwa nguvu zaidi. Barafu ile haikuachia mpaka majira yaliyofuata, na kulungu 61,000 wakafa njaa, katika kundi la jumla la 275,000 hivi. Bruce Forbes wa Chuo Kikuu cha Lapland, Ufini, na wenzake walichapisha mwaka 2016 uchambuzi uliohusisha matukio hayo mawili na kupungua kwa barafu ya bahari za Barents na Kara: bahari iliyo wazi mwezi wa Novemba inapeleka unyevu na joto nchi kavu. Familia iliyopoteza kundi haikupoteza akiba tu. Ilipoteza nyama, nguo, nyumba na usafiri kwa mkupuo mmoja. Baadhi yao walibaki wakivua samaki mpaka wapate wanyama wa kuanzia upya.

Tuwe wakweli, joto lina pande mbili. Kiangazi kirefu kinaleta majani mengi zaidi, na katika visiwa vya Svalbard, ambako kulungu ni wa porini, kuna maeneo idadi yao imeongezeka. Lakini huko pia baridi zenye mvua hutoza kodi yake: mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Polar ya Norwei walihesabu mizoga kama 200 ya waliokufa njaa. Na kuna jambo ambalo sisi wa pwani tutalipenda. Barafu ikiziba malisho, baadhi ya kulungu wa Svalbard hushuka ufukweni wakala mwani wa baharini. Watafiti walithibitisha kwa kupima kemia ya kinyesi chao. Hauwafai sana, unawaharisha, lakini unawasogeza siku chache mbele.

Kundi na maisha

Mfugaji yeye hufanya nini čuohki ikija? Njia ya kwanza, na ya zamani kuliko zote, ni kuhama. Mvua haifungi kila bonde kwa namna moja. Upande wa pili wa mlima, au juu zaidi, au ndani zaidi mbali na bahari, pengine theluji bado ni laini. Njia ya pili ni kuingia kwenye msitu mkongwe, ambako likeni ya mandevu inaning'inia mitini juu ya barafu yote. Njia ya tatu ni kununua chakula cha viwandani na kulisha kwa mkono. Wengi sasa wanalazimika kufanya hivyo, lakini ni ghali, tumbo la mnyama aliyezoea likeni linaweza kugoma chakula kikibadilishwa ghafla, na wanyama wakibanwa pamoja zizini huambukizana magonjwa, hasa ya macho.

Njia mbili za kwanza zinahitaji kitu kimoja: nafasi. Mfumo wote wa Wasami umejengwa juu ya hilo. Familia kadhaa huunda siida, kikundi kinacholisha pamoja na kugawana kazi, na siida huhama na wanyama wake kati ya malisho ya baridi na ya kiangazi, aghalabu kutoka bara kwenda pwani au milimani na kurudi. Mwaka wao una majira manane, si manne. Njia hizo ni za kale kuliko mipaka. Mwaka 1751, Uswidi na Denmark-Norwei zilipochora mpaka wao, ziliambatisha waraka uliowaruhusu Wasami kuendelea kuvuka na wanyama wao. Mwaka 1852 mpaka kati ya Norwei na Ufini, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, ulifungwa kwa wafugaji, na kuna familia zilizolazimika kuchagua upande na kuacha nusu ya malisho. Mfugaji wa Longido au Kajiado hatahitaji kuelezwa hiyo hadithi.

Wala hatashangaa akiambiwa kwamba kwa Wasami ni utovu wa adabu kumuuliza mtu ana kulungu wangapi. Ni kama kumuuliza mgeni ana shilingi ngapi benki. Kila mwenye wanyama ana alama yake, mikato midogo masikioni ambayo ndama huwekewa kiangazi, na watoto wadogo nao wana alama zao. Msami mzoefu anaweza kuisoma alama ya mnyama anayekimbia. Lugha nayo imepanga wanyama kwa umri, jinsia na kazi: ndama ni miessi, dume la mbegu ni sarvvis, jike lenye ndama ni áldu, jike ambalo halikuzaa mwaka huu ni rotnu, na heargi ni yule aliyehasiwa na kufunzwa kuvuta. Ukisema ndama, mtamba, fahali na maksai unakuwa umefanya kazi ileile kwa Kiswahili. Na sikiliza hili: kundi la kulungu ni eallu, na maisha ni eallin. Shina ni moja.

Usidhani basi kwamba kila Msami ni mfugaji. Walio wengi ni walimu, wauguzi, madereva, wanafunzi kama sisi, na ufugaji ni wa sehemu ndogo. Wale wanaofuga nao hawaishi zama za kale. Wana pikipiki za theluji, droni, na kola za setilaiti shingoni mwa baadhi ya wanyama. Ila hata asiyefuga atakwambia kwamba lugha, ushonaji, nyimbo za joik na mtandao wa ukoo vimejishikiza kwenye mnyama huyu. Uswidi na Norwei zinalitambua hilo kisheria: katika maeneo yao ya ufugaji, haki ya kufuga kulungu ni ya Wasami.

Mitambo 151

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu nafasi hiyo inataka kutumiwa na wengine pia, tena kwa sababu zinazoonekana njema. Mabwawa ya umeme yalizamisha mabonde. Ukataji miti uliondoa misitu mikongwe yenye likeni ya mandevu. Migodi, reli na barabara vikakata njia za kuhama. Na sasa, katika kupambana na joto hilohilo linaloleta mvua ya Januari, unakuja umeme wa upepo.

Kwenye rasi ya Fosen, katikati ya Norwei, mitambo 151 ilijengwa katika maeneo ya Storheia na Roan. Ni sehemu za juu zenye upepo mkali unaosukuma theluji, na kwa sababu hiyohiyo zilikuwa malisho mazuri ya majira ya baridi kwa Wasami wa Kusini. Tafiti za Skandinavia zimeonyesha kwamba kulungu hukwepa mashamba ya upepo. Anaweza kukaa mbali kwa kilomita kadhaa, hivyo eneo linalopotea ni kubwa kuliko unaloliona kwenye picha.

Wafugaji walienda mahakamani wakati ujenzi ukiendelea. Mahakama ya rufani iliwapa fidia, iliyokokotolewa kwa wazo kwamba wanyama wangelishwa zizini wakati wa baridi. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu, majaji 11 kwa kauli moja, ikasema kulisha zizini hakuwezi kuhesabiwa kuwa kumelinda utamaduni huo, na kwamba leseni za mitambo hazikuwa halali. Msingi wake ulikuwa kifungu cha 27 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kinacholinda haki ya jamii ndogo kuishi kwa utamaduni wake. Kenya na Tanzania nazo zimeuridhia mkataba huo.

Na mitambo ikaendelea kuzunguka. Siku 500 baada ya hukumu, mwanzoni mwa 2023, vijana wa Kisami walikwenda Oslo na mavazi yao ya asili, wakaketi kwenye lango la wizara ya nishati mpaka polisi wakawabeba. Greta Thunberg, mwanaharakati wa tabianchi kutoka Uswidi, alikuwa miongoni mwao, na gazeti moja baada ya jingine likauliza inakuwaje mtetezi wa tabianchi anapinga umeme wa upepo. Swali zuri, lakini ukifika hapa umeshaliona jibu la mfugaji: dawa yake ya mvua ya Januari ni nafasi ya kuhamia, na nafasi hiyo ndiyo iliyowekwa mitambo.

Mwishowe wakapatana. Kundi la kusini mwa Fosen lilitia saini Desemba 2023, la kaskazini Machi 2024. Mitambo inabaki, wafugaji wanalipwa, na serikali imeahidi kuwatafutia malisho mengine ya majira ya baridi. Wafugaji sasa wanataka kujua malisho hayo yatatoka wapi, na guohtun ya huko ikoje.